Nyongeza ya laki na nusu: uhame au ubaki? Hesabu za kupiga kabla ya kuandika notisi

Kijana wa stoo aliingia ofisini kwangu saa nne, muda wa chai, akaurudisha mlango taratibu.

"Dada, nimepata kazi Masaki." Akanisogezea simu. Kwetu analipwa laki tisa, na kule wamemwambia milioni moja na elfu hamsini. "Laki na nusu zaidi, dada. Niandike notisi leo au nisubiri kesho?"

Mimi ndiye ninayeandaa mishahara pale, kwa hiyo salari slipu yake naijua kuliko anavyoijua mwenyewe. Nikachukua fomu ya likizo iliyoharibika, nikaigeuza upande mweupe, tukaanza kupiga hesabu. (Bosi akipita hapa akasoma, anisamehe.) Mwongozo huu ni zile hesabu za nyuma ya fomu, pamoja na mengine niliyofundishwa na pupa yangu mwenyewe miaka ya nyuma. Viwango na sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Kama uko kwingine, maswali ni yale yale ila makato ni mengine.

Hatua ya 1: Usipige hesabu ya maneno, subiri karatasi

Ahadi ya kwenye simu si mshahara. Omba barua ya ofa, na ndani yake tafuta vitu vitatu: mshahara wa msingi ni kiasi gani, posho ni zipi na ni kiasi gani, na hiyo namba waliyokutajia ni kabla au baada ya makato. Hili la tatu ndilo linaloumiza watu. Mwajiri anasema "milioni moja na hamsini" akimaanisha kabla ya kukatwa, wewe unasikia kinachoingia benki. Hakuna aliyedanganya, lakini mwisho wa mwezi mmoja wenu atanuna.

Mgawanyo wa msingi na posho nao si mapambo. Ovataimu hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, na kiinua mgongo vilevile. Ofa yenye msingi mdogo na posho nyingi inapendeza mwezi hadi mwezi, ila siku ya kuachishwa kazi ndipo unapoona walivyokupunja.

Hatua ya 2: Tafuta kinachofika mkononi

Hapa usikisie, chukua kalamu. Mfanyakazi wa sekta binafsi hukatwa hadi asilimia 10 kwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Baada ya hapo, kinachobaki ndicho kinachotozwa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Ngazi za kodi kwa mwezi ziko hivi:

- hadi 270,000: hakuna kodi
- 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000
- 520,000 hadi 760,000: 20,000, na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000
- 760,000 hadi 1,000,000: 68,000, na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000
- zaidi ya 1,000,000: 128,000, na asilimia 30 ya kinachozidi milioni

Bajeti ya Juni huweza kuzigusa, kama ilivyokuwa mwaka 2021 asilimia 9 ya ngazi ya chini iliposhushwa kuwa 8, kwa hiyo hakikisha unatumia za mwaka huu. Na kama ulisoma kwa mkopo na hujamaliza kulipa, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inachukua asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi. Usidhani kuhama kutakupumzisha nayo.

Kijana wetu ana mkopo wa Bodi. Mshahara wake wa sasa ukaja hivi: 900,000, toa NSSF 90,000, toa PAYE 80,500, toa Bodi 135,000. Mkononi 594,500.

Wa Masaki: 1,050,000, toa NSSF 105,000, toa PAYE 114,250, toa Bodi 157,500. Mkononi 673,250.

Akainua macho. "Kwa hiyo laki na nusu..."

"Ni 78,750."

Nusu na kidogo tu. Asingekuwa na mkopo wa Bodi angebaki na 101,250. Kila mara mtu akikutajia nyongeza kwenye ngazi hizi za mshahara, kichwani mwako anza kwa kuigawa mbili kama una deni la Bodi, au toa theluthi kama huna. Hutakosea kwa mbali.

Neno moja kwa walioko serikalini wanaotamani sekta binafsi: kwenye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri hutoa 15. Ukihamia kwenye NSSF, mara nyingi utakatwa 10. Kwa hiyo hata ukipewa mshahara ule ule kwenye karatasi, NSSF inakukata mara mbili ya ulivyozoea. Angalia na makato ya bima ya afya, maana nayo yanabadilika.

Hatua ya 3: Toa unachokula bure sasa hivi

Watu wengi huishia hatua ya 2 wakadhani wamemaliza. Mimi nikamuuliza swali la kipuuzi: "Leo mchana utakula wapi?"

Kwetu kuna jiko. Wali maharage, mchicha, Ijumaa nyama. Hakuna anayelisifia, na kila siku kuna anayelalamika kwamba maharage yana chumvi. Masaki hakuna jiko. Kwa mama ntilie wa maeneo yale tukakadiria 3,000 kwa sahani, bila soda. Siku 22 za kazi: 66,000.

Halafu nauli. Anakaa Tabata, kwetu anapanda gari moja. Masaki ni magari mawili. Kila gari la ziada tukaliwekea 600 kwenda na 600 kurudi, kwa siku 22 ni 26,400. Jumla ya chakula na nauli: 92,400.

Nyongeza ni 78,750. Gharama mpya ni 92,400. Angehama ili apate hasara ya shilingi 13,650 kila mwezi, na juu yake aamke saa kumi na nusu alfajiri badala ya saa kumi na mbili kasoro.

Akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga sumu ya panya akiwa peku.

Kwako wewe inaweza isiwe chakula. Pitia wiki yako siku baada ya siku, uandike kila kitu ambacho kazi ya sasa inakupa bila kukiita mshahara: basi la wafanyakazi, sare na viatu, vocha ya simu, nyumba, ruhusa ya kutoka saa tisa kumchukua mtoto, ukaribu na kwa mama anayekulelea mtoto. Kila kimoja kipe bei. Kisichokuwa na bei kiandike hivyo hivyo, maana nacho kina uzito.

Bima ya afya ichunguze peke yake. Swali si "mna bima?" Swali ni inabeba wategemezi wangapi, hospitali zipi, na inaanza lini. Kampuni nyingine hawakuingizi kwenye bima mpaka muda wa majaribio uishe. Kama una mtoto anayehudhuria kliniki kila mwezi, au mke ana mimba ya miezi mitano, pengo hilo linaweza kumeza nyongeza ya miaka miwili. Kuhusu uzazi kuna jambo jingine: sheria inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, lakini kuanza ajira mpya ukiwa na tumbo kunahitaji moyo na mwajiri muungwana. Sikukatazi. Nakwambia tu uliza mapema.

Hatua ya 4: Hesabu miaka unayoitupa

Kazini kuna mali usiyoiona kwenye salari slipu, nayo ni muda uliokwisha kaa. Ukihama unarudi sifuri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu halali wala utaratibu. Ila sehemu hiyo ya ulinzi haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Maana yake leo, baada ya miaka mitano, bosi akitaka kukuondoa lazima ajieleze. Kule uendako, kwa nusu mwaka ya kwanza, anaweza kukuaga kwa urahisi zaidi. Na muda wa majaribio wenyewe unaweza kuzidi hapo, maana kanuni za mwaka 2007 zinaruhusu hadi miezi 12. Soma kwenye ofa wamekuandikia mingapi. Mitatu ni ya kawaida, sita unavumilia. Wakiandika kumi na miwili kwa kazi ya stoo, mimi ningeuliza wanajaribu nini.

Kuna pia kiinua mgongo: malipo ya siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, pale mwajiri anapokuachisha. Ukiondoka mwenyewe, hiyo unaiacha mezani. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo si la aliyeacha kazi kwa hiari. Kwa hiyo ukisikia fununu kwamba kampuni itapunguza watu miezi mitatu ijayo, usikimbilie laki na nusu ya jirani kabla hujajua kama jina lako limo. Nimeona mtu wa miaka tisa kazini akiondoka wiki mbili kabla ya wenzake kulipwa.

Kwa upande mwingine, miaka isikufunge kama kamba ya mbuzi. Kama umekaa miaka sita bila nyongeza na bila cheo, kinachokuweka hapo ni mazoea tu.

Hatua ya 5: Madeni yaliyofungwa kwenye mshahara

Fupi, lakini usiiruke. Kama una mkopo wa benki unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, nenda benki kabla hujaandika notisi, uulize wanataka nini ukibadilisha mwajiri. Wengine watahamisha makato kwa barua tu, wengine watataka mwajiri mpya awe kwenye orodha yao. Kama una mkopo wa Saccos (chama cha kuweka na kukopa) ya kazini, uliza kama uanachama unakoma ukiondoka, na kama deni lote linadaiwa siku hiyo hiyo. Ukumbuke na waliokudhamini. Mtu akihama na deni, anayebanwa ni mwenzake aliyebaki.

Hatua ya 6: Mchunguze mwajiri mpya kama anavyokuchunguza wewe

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Nilihama kwa nyongeza ya laki na ishirini, ofisi ina viyoyozi, bosi anaongea vizuri. Mshahara wa kwanza ukaja tarehe 17 ya mwezi uliofuata. Wa pili tarehe 20. Mwenye nyumba wangu hakuwa na habari na tarehe 20. Nilipokuja kuangalia michango yangu NSSF, nikakuta miezi minne imekatwa kwenye salari slipu, lakini kwenye mfuko haipo. Nami ni mhasibu! Wa kuuliza maswali nilikuwa mimi, lakini kwenye usaili niliuliza habari za likizo tu.

Basi uliza. Mshahara hutoka tarehe ngapi, na mwezi uliopita ulitoka tarehe ngapi? Nafasi hii ni mpya au kuna mtu aliondoka, na aliondoka kwa nini? Watu wa HR watakujibu kwa adabu. Jibu kamili utalipata nje ya geti. Nenda siku moja mchana, ukae kwa mama ntilie anayelisha wafanyakazi wa pale, agiza ugali, usikilize. Yeye ndiye anayekopesha mwisho wa mwezi, kwa hiyo anajua mshahara umechelewa kabla hata ya mhasibu. Mlinzi naye anajua nani ameajiriwa na nani ametoka na sanduku lake.

Ukimpata anayefanya kazi pale, mwombe akuambie kitu kimoja tu: michango yake ya NSSF inaonekana? Pensheni ya uzeeni inataka miezi 180 ya michango. Mwaka mmoja kwa mwajiri asiyepeleka ni miezi 12 ya kukimbizana kwenye madirisha.

Hatua ya 7: Weka mstari wako, kisha rudi kuongea

Mimi nina kipimo changu. Kila mtu awe na chake, lakini hiki kimenisaidia: nyongeza halisi ya mwaka mzima, baada ya makato, chakula na nauli, isipungue mshahara mmoja wa sasa wa mkononi. Sababu ni kwamba kazi mpya ikishindikana, hutakaa chini ya mwezi mmoja bila mshahara. Nyongeza iwe imekulipia mwezi huo. Kwa kijana wetu ni 594,500 gawa kwa 12, yaani karibu 49,500 kwa mwezi. Alikuwa na hasi 13,650.

Kipimo hicho nakivunja kwa jambo moja: kazi itakayokufundisha kitu ambacho uliko huwezi kukipata. Mtunza stoo wa daftari anayeitwa sehemu yenye mfumo wa kompyuta, bohari kubwa na mizigo ya bandarini, aende hata kwa mshahara ule ule. Baada ya miaka miwili bei yake sokoni si ile. Na kama unaondoka kwa sababu ya bosi anayekutukana mbele ya wateja, hapo hesabu za nauli hazina kazi. Ila jiambie ukweli kwamba unamkimbia bosi, usiseme umefuata hela.

Alipoona namba, kijana akataka kukata tamaa. Nikamwambia, mdogo wangu, hujasaini bado, na wakati wa kuomba ni kabla ya kusaini. Akawapigia. Hakulalamika kwamba mshahara mdogo. Alisema anaipenda kazi, ila huko alipo anapewa chakula na anapanda gari moja, hivyo kwa ofa ile atakuwa anapungukiwa. Sentensi yenye hesabu ndani haikasirishi mtu. Wakajibu kwamba msingi hauwezi kupanda, ngazi ni hiyo, ila wataongeza posho ya usafiri ya 100,000.

Tukarudi kwenye fomu. Posho inakatwa NSSF 10,000. Kodi inapanda kwa 24,250, maana sasa kinachotozwa kodi baada ya NSSF kimevuka milioni. Bodi haiigusi kwa kuwa si mshahara wa msingi. Inabaki 65,750. Toa ile hasi, anabaki na 52,100. Umevuka mstari kwa unywele! Nikamkumbusha kwamba posho hiyo haitahesabiwa kwenye ovataimu wala kiinua mgongo, na kwamba iandikwe kwenye mkataba, isibaki kwenye simu. Akakubali.

Vipi kuhusu kumpelekea bosi wa sasa ile barua ili naye apandishe? Inawezekana, na wapo waliofanikiwa. Ila ifanye kama tu uko tayari kuondoka kweli. Ukitishia ukabaki, safari ijayo wakipunguza watu wanajua nani tayari moyo wake uko nje.

Hatua ya 8: Ondoka kwa utaratibu

Saini mkataba mpya kwanza, notisi baadaye. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Mkataba wako unaweza kudai zaidi, hivyo usome. Ukiwa na mkataba wa muda maalumu, tafuta kipengele cha kuuvunja kabla ya wakati, maana kunaweza kuwa na gharama.

Usijaribu ujanja wa "notisi yangu ikatwe kwenye likizo." Sheria hairuhusu notisi kutolewa ukiwa likizo wala kwenda sambamba nayo. Na ukiacha kuja kazini wakati wa notisi, mwajiri ana haki ya kukata siku hizo kwenye stahiki zako. Likizo ambayo hujaitumia ni hela yako, ikumbushe kwenye barua.

Siku ya mwisho usiondoke na keki tu. Chukua cheti cha utumishi, nakala za salari slipu za mwaka mzima, na karatasi ya makabidhiano iliyosainiwa na aliyepokea. Hiyo ya mwisho ni muhimu sana kwa watu wa stoo na wa fedha: kitu kikipotea mwezi ujao, jina lako ndilo litakalotajwa kwanza, maana haupo kujitetea.

Kijana alikabidhi stoo kwa siku tatu, akihesabu hadi misumari. Mwisho wa mwezi wake wa kwanza Masaki akanitumia picha ya salari slipu. Mshahara umeingia tarehe 27, posho imo, makato yako sawa. Nikaikuza picha nione pale juu kabisa, kwenye namba ya uanachama wa NSSF, ambayo ni ile ile popote uendapo. Tarakimu ya mwisho ilikuwa 3. Yake ninayoijua mimi inaishia na 8. Nikampigia hapo hapo, nikamwambia kesho asubuhi aende kwa mhasibu wao kabla hata hajanywa chai.